Muulize Mjomba: Joto la garini linanimaliza, AC ilishakufa

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Naomba unisaidie, maana nyumbani wamechoka kunisikiliza. Nina gari jeusi, la zamani kidogo, nililolinunua mkononi mwa mtu. Miezi ya mwanzo AC ilifanya kazi vizuri, baadaye ikawa inatoa hewa ya uvuguvugu, mwisho ikafa. Fundi alijaza gesi ikapoa kwa muda mfupi, ikarudi palepale. Akajaza tena, hadithi ni ileile. Sasa anasema kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, imekwisha, na kiasi anachotaka sina kwa sasa.

Kiangazi kimenikuta hivyo. Asubuhi nampeleka mwanangu wa miaka mitatu chekechea kisha naenda kazini, jioni namrudisha, na siku nyingine nampitia mama mkwe nimpeleke kliniki. Nikifika ninakokwenda blauzi imenigandia mgongoni na kichwa kinagonga. Mama mkwe ana shinikizo la damu na anameza dawa kila siku. Hataki kioo kishushwe kwa sababu upepo unampiga usoni. Basi tunakaa vioo juu, feni nimeifungua hadi mwisho, wote tunachuruzika jasho na hakuna anayesema neno.

Mume wangu anasema nakuza mambo. Eti zamani magari hayakuwa na AC na watu walisafiri. Sawa, lakini na wao walikuwa wanaungua miguu? Mimi nikiendesha vidole vya miguu vinapata moto, hata nikiwa narudi usiku jua limeshazama. Na nikiongeza feni, matundu yananirushia vipunje vyeusi laini vinavyoganda kwenye nguo. Nimepangusa dashibodi mpaka basi, haviishi.

Nimeona mtandaoni wanauza kifeni cha kuweka barafu ndani, kinachomekwa kwenye soketi ya gari. Kinasaidia? Au niweke tinti nyeusi tii? Na la mwisho nauliza kwa aibu: mtoto akipitiwa na usingizi njiani huwa namwacha garini dakika chache nikiingia dukani, nikiwa nimeshusha vioo kidogo hewa ipite. Juzi dada yangu alinikuta akanigombeza mbele za watu. Nimekosea kweli, au ni maneno tu?

Ni mimi mpwa wako,
Nachemka


JIBU LA MJOMBA

Marahaba mpwa wangu, na pole kwa jasho. La mtoto umelitaja mwisho, mimi nalijibu kwanza. Dada yako alikuwa sahihi, labda mahali pa kugombezea tu ndipo hapakufaa. Usimwache tena. Si dakika tano, si dakika mbili, si kwenye kivuli.

Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanyika Marekani, ambapo walipima joto ndani ya gari lililoegeshwa juani katika siku ambazo nje kulikuwa na kati ya nyuzi 22 na 36 za Selsiasi. Kwa saa moja, hewa ya ndani ilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 hivi. Asilimia 80 ya kupanda huko ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Zingatia kwamba siku nyingine kati ya hizo hazikuwa hata za joto kali. Walijaribu pia kushusha vioo kidogo, kama ufanyavyo wewe, na haikuleta nafuu yoyote ya kutegemea. Sasa ongeza kwamba mwili wa mtoto mdogo hupanda joto mara tatu hadi tano kwa haraka kuliko wako, na kwamba aliyefungwa mkanda kwenye kiti chake hawezi kujifungua akatoka. Na hizo dakika mbili za dukani tunazijua: mbele yako kuna mtu anahesabu chenji, mara simu inaita, mara umekutana na jirani. Mtoe garini hata kama ataamka analia. Kilio kitapoa.

Jambo dogo linaloendana na hilo. Kabla hujamfunga, gusa chuma cha kufungia mkanda wake kwa kidole chako mwenyewe. Chuma kilichokaa juani kinaacha alama kwenye ngozi laini, na mtoto wa miaka mitatu atakuwa analia bila kuweza kukueleza kwa nini.

Sasa tuje kwenye gari. Katika barua yako kuna mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu, nami nikarudi kuyasoma upya: miguu inaungua hata usiku, na vile vipunje vyeusi. Jua likishazama halina hatia tena. Kama usiku bado unaungua, joto hilo linatoka kwenye injini, na dalili zote zinanielekeza kwenye hita. Yaani inawezekana kabisa kwamba tatizo lako la kwanza si kukosa ubaridi. Gari lako linakupasha moto makusudi, mwaka mzima, na wewe ulikuwa hujui kwa sababu AC ilikuwa inalifunika.

Nieleze kidogo. Ukiacha rejeta kubwa iliyo mbele ya injini, gari lina rejeta nyingine ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, usawa wa miguu. Maji ya injini hupita humo, na injini ikishapata moto maji hayo huwa karibu na nyuzi 90. Wakati wa baridi feni inapuliza hewa ipite kwenye hiyo rejeta ndogo, nanyi mnaota moto. Ukizungusha kitufe kwenda upande wa bluu, gari linatakiwa kuzima joto hilo kwa njia moja kati ya mbili, kutegemea lilivyotengenezwa. Kuna magari yenye vali inayofunga maji yasiingie kwenye rejeta ndogo. Mengine yanaacha maji yapite muda wote, lakini kuna kibao ndani kinachojigeuza na kuizuia hewa isipite hapo. Kibao hicho kimebandikwa sponji ili kizibe bila kuacha upenyo. Sponji inazeeka, inapukutika, na feni inaurusha unga wake nje kupitia matundu. Ndivyo vipunje vyako hivyo. Pangusa dashibodi utakavyo, vitaendelea kuja mpaka sponji yote iishe, na kadiri inavyoisha ndivyo joto linavyozidi kupenya.

Kuhakikisha hakuhitaji vifaa. Subiri jioni jua likishazama, endesha mpaka injini ipate moto sawasawa, weka kitufe kwenye baridi ya mwisho, feni katikati, hewa uielekeze miguuni. Toa mkono nje ya dirisha uisikie hewa ya nje, kisha urudishe kwenye tundu la miguuni. Hewa ya ndani inaruhusiwa kuwa na joto kidogo zaidi, maana inapitia karibu na boneti. Ikiwa tofauti ni kubwa kiasi cha kukushtua, hita inavuja. Baada ya hapo gusa sakafu chini ya kapeti. Ikiwa hewa ni ya kawaida lakini sakafu yenyewe ndiyo inaunguza, basi mkosaji ni egzosi, yaani bomba la moshi: mara nyingi lile bati linalokinga joto lake chini ya gari limeng'oka au limeoza, au mtu aliyefua kapeti alitupa lile godoro la chini akidhani ni takataka.

Ukienda kwa fundi usimwambie "gari lina joto", atakurudisha kwenye AC. Mwambie: "Hita haizimiki. Niangalizie vali au kibao cha kuchanganya hewa." Vali ikiwa mbovu inabadilishwa, na ni kazi ndogo. Kibao ndicho kisirani, kwa sababu wakati mwingine dashibodi nzima lazima ishuke ili kukifikia. Kabla hajaanza kushusha chochote aangalie kebo inayokivuta, maana huwa inachomoka tu kwenye ndoano yake, na hilo linarekebishwa kwa dakika chache. Kama kweli ni sponji na huna uwezo wa kushusha dashibodi sasa, mwombe aweke vali ya kuzibia maji kwenye mpira unaoingia kwenye hita, ili kiangazi chote maji ya moto yasifike humo. Utakosa hita wakati wa baridi na kioo cha mbele kitachelewa kukauka ukungu, hilo ulijue mapema. Na tafadhali usijaribu mwenyewe kufungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto.

Ukisikia harufu tamutamu ndani, au kapeti ya abiria imelowa bila mvua, au kioo cha mbele kinaingia ukungu wa kunata, basi hiyo rejeta ndogo yenyewe imetoboka. Hapo usisubiri kiangazi kiishe.

Mume wako ana ukweli wake, ila amesahau kitu kimoja. Magari ya zamani yalijengwa kupumua. Mengi yalikuwa na kile kidirisha cha pembetatu mbele ya kioo cha mlango, unakigeuza kinakulengea upepo kifuani. AC ilipoenea watengenezaji wakaviondoa, wakategemea kompresa ifanye kazi yote. (Tukizungumzia zamani: kampuni ya Packard ya Marekani ndiyo ya kwanza kuuza gari lenye AC ya kiwandani, mwishoni mwa miaka ya 1930. Ukitaka kuizima ilikubidi usimamishe gari, uzime injini, ufungue boneti na uchomoe mkanda wa kompresa. Usilalamike sana.) Kwa hiyo anayeendesha gari la kisasa bila AC yuko pabaya kuliko babu yake, asipojua njia za hewa.

Njia zenyewe ni hizi. Hewa ya feni inaingilia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapolala. Fungua boneti uchungulie: majani makavu yakijaa hapo, feni inavuta patupu. Inapita kwenye filta ya hewa ya ndani, ambayo kwa magari mengi iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria, na ambayo kwenye gari la kununuliwa mkononi huenda haijawahi kuguswa. Itoe uitazame kwenye mwanga. Ikiwa ya kijivu na imejaa manyoya, umepata sababu ya feni kupiga kelele nyingi na kutoa upepo kiduchu. Na ile swichi yenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani, iondoe hapo. Hiyo inazungusha hewa ileile ya ndani. Ina faida AC ikifanya kazi, lakini bila AC mnarudishiwa jasho lenu wenyewe. Itumie tu mkiwa nyuma ya lori linalotapika moshi, kisha irudishe.

Kuingia hakutoshi, hewa lazima itoke. Gari lina matundu ya kutolea hewa huko nyuma, pembeni mwa buti au nyuma ya bampa, yenye viulimi vya mpira. Ukilishindilia buti mizigo yanazibika, na feni inakuwa inasukuma hewa kwenye chumba kilichojaa. Ndiyo maana ninyi watatu mkifunga vioo vyote na kuongeza feni hakuna kinachobadilika. Shusha kioo kimoja kwa upana wa vidole viwili na utasikia feni imepata nguvu mpya, ingawa hujaigusa.

Na hapa ndipo pa mama mkwe. Wengi tunaamini upepo unaingilia mbele na kutokea nyuma. Gari likiwa katika mwendo, mara nyingi ni kinyume. Mwaka 2021 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walitumia kompyuta kuiga gari linalokwenda kama kilomita 80 kwa saa. Shabaha yao ilikuwa kujua jinsi vijidudu vya magonjwa vinavyosambaa kati ya dereva na abiria, lakini walichokiona kinatufaa. Hewa iliingilia madirisha ya nyuma na kutokea ya mbele, kwa sababu msukumo wa hewa pembeni mwa kioo cha mbele ni mdogo, hivyo unanyonya. Kioo cha nyuma ya dereva kikiwa wazi pamoja na cha mbele upande wa abiria, hewa ilipita nyuma, ikakata mshazari, ikatokea mbele.

Kwa hiyo mkalishe mama mbele. Kioo chake kishuke kidogo tu, na kile kilicho nyuma yako ukishushe sana. Kwenye mwendo, hewa ya kioo cha mama itakuwa inatoka, haimpigi usoni, na mtoto huko nyuma atapata upepo. Ukisikia ule mdundo unaoziba masikio mkiwa mwendo mkubwa, ni dalili kwamba dirisha moja la nyuma liko wazi peke yake. Shusha jingine, unaisha papo hapo. Kwenye foleni mpango huu haufanyi kazi, kwa kuwa hakuna mwendo wa kunyonya hewa. Hapo shusheni vyote, feni hadi mwisho, na acha nafasi kati yako na gari la mbele ili usivute moshi wake. Mwambie mama kwamba hapo hakuna upepo wa kumpiga.

Ila joto kwa mama si suala la kero tu. Dawa kadhaa za shinikizo la damu, hasa zile za kukojoza, zinapunguza maji mwilini, na nyingine zinapunguza damu inayokwenda kwenye ngozi kuupoza mwili. Wazee pia kiu yao inachelewa kuja. Asiache dawa hata siku moja, lakini mkifika kliniki muulizeni daktari anywe maji kiasi gani siku za joto, maana kuna wagonjwa wanaowekewa kikomo. Miadi ombeni ya asubuhi mapema. Akianza kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi na udhaifu, egesha kivulini, mlegeze nguo, mlowanishe na mpepee. Akianza kuongea yasiyoeleweka, kuchanganyikiwa au kuzimia, hiyo ni dharura: piga simu ya msaada, mwagie maji, mpepee kwa nguvu, weka barafu shingoni na kwapani, na usimpe kitu cha kunywa wakati hana fahamu kamili. Usisubiri kwanza aache kutoka jasho. Wapo wanaozidiwa na joto huku jasho bado linatiririka.

Feni yenyewe ina kikomo. Shirika la Afya Duniani linashauri feni zitumike hewa ikiwa chini ya nyuzi 40, kwa sababu juu ya hapo zinakupelekea joto badala ya kuliondoa. Na hewa ya gari lililotoka kuegeshwa juani inaweza kupita hapo kwa urahisi. Ndiyo maana hatua ya kwanza kabla ya kuingia ni kuitupa nje hewa hiyo. Shusha kioo cha upande mmoja, nenda mlango wa upande wa pili uufungue na kuufunga mara kadhaa, bila kuubamiza. Mlango unasukuma hewa, ile ya moto inatokea kule. Watu watakuangalia. Waache.

Kuhusu kuegesha, kuna vipimo vizuri vilivyochapishwa mwaka 2018 kutoka Arizona, Marekani, huko ambako kiangazi hakina huruma. Nje kulikuwa na joto la nyuzi 38 na zaidi. Gari lililokaa juani kwa saa moja lilikuwa na wastani huu: hewa nyuzi 47, viti 51, usukani 53, dashibodi 69. Lililokaa kivulini: hewa 38, viti 41, usukani 42, dashibodi 48. Tazama dashibodi hiyo, mpwa. Tofauti ya zaidi ya nyuzi 20. Dashibodi ndiyo inayoendelea kuwapuliza joto hata baada ya kushusha vioo, kwa hiyo ukipata kitu kimoja tu cha kukinga, kinga hiyo: weka kikinga jua kinachong'aa nyuma ya kioo cha mbele, upande unaong'aa ukitazama nje. Huna? Shuka jeupe juu ya dashibodi na usukani ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Unapochagua kivuli, chagua kitakachokuwepo wakati wa kutoka kazini. Cha asubuhi kitakuwa kimeshahamia kwa mwingine.

Ukiwa umeegesha mahali tambarare unaweza pia kuzungusha usukani nusu mzunguko, ili pale unaposhika pawe chini, pasiwe juani. Rudisha sawa kabla ya kuondoka.

Rangi nyeusi ina mchango wake, sikufichi. Maabara ya Lawrence Berkeley ya California ililinganisha gari jeusi na la rangi ya fedha, aina moja, yote yakiwa juani, na matokeo yake ya mwaka 2011 yalionyesha hewa ndani ya lile jeusi ilizidi kwa nyuzi 5 hadi 6. Ni jambo la kukumbuka utakaponunua lingine. Kulipaka hili rangi upya kwa ajili hiyo ni kupoteza hela ambayo AC inaihitaji.

Tinti nyeusi tii sikushauri. Karibu nusu ya nguvu ya jua ni mionzi tusiyoiona kwa macho, na tinti ya rahisi inaweza kukuwekea giza huku ikiuacha mwingi wa mionzi hiyo upite, au ikaunywa yenyewe na kukigeuza kioo kuwa ukuta wa moto karibu na bega lako. Usiku nayo inakupunguzia uoni. Zipo karatasi za kukinga joto ambazo karibu hazina rangi, zinazozuia mionzi hiyo bila giza. Ukitaka kuweka, ulizia hizo, na kwanza ujue sheria ya barabarani inaruhusu kiasi gani cha giza, hasa vioo vya mbele.

Kifeni cha barafu, tupige hesabu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inafyonza nguvu ya joto ya kilojuli 334. AC ya gari ya kilowati 4 inaondoa kiasi hicho chini ya dakika moja na nusu. Kwa hiyo hicho kifeni, hata ukikijaza barafu, kinakupa AC ya dakika chache, kisha unabaki na ndoo ya maji inayocheza kila ukikata kona. Sasa linganisha: kilo moja ya maji ikikauka kwenye ngozi au kwenye kitambaa inaondoka na takriban kilojuli 2,400, mara saba ya barafu ileile. Kitambaa cha pamba kilicholowa shingoni, na kingine mikononi, pamoja na kioo kilichoshuka, vinakishinda kifeni chako bila umeme. Hii inategemea hewa iwe kavu. Kama unaishi kwenye unyevunyevu mwingi maji hayakauki haraka, na hapo barafu ni afadhali, lakini iweke kwenye chupa ya kunywea na kwenye kitambaa cha shingoni. Usiihangaikie hewa ya gari zima.

Na kuna wanaoshauriana kuweka ile barafu kavu inayofuka moshi mweupe. Hiyo ni gesi ya kabonidioksaidi iliyogandishwa, na ndani ya gari lililofungwa inaweza kumuua dereva kabla hajajua kwa nini anasinzia. Hata kwa kusafirishia tu, usiifungie ndani pamoja nanyi.

Mgongo wako unaolowa ni kwa sababu kiti hakiachi hewa ipite. Kile kifuniko cha shanga za mbao tunachokichekea kwa madereva wazee kinafanya kazi kwelikweli, kinakuinua kidogo na hewa inapita chini. Ukikikosa, taulo ya pamba. Nguo ya kazini ining'inize, uvae ukifika.

Tumalizie na AC, maana najua hujaikatia tamaa. Gesi ya AC haiishi kwa kutumika, haiko kama mafuta. Imefungiwa kwenye mabomba na inazunguka humo miaka na miaka. Ikipungua, imevuja. Kwa hiyo fundi aliyejaza mara mbili bila kutafuta tundu alikuuzia hewa, tena kompresa inayofanya kazi na gesi pungufu inakosa mafuta yake ya kulainisha, kwa sababu mafuta hayo husafiri pamoja na gesi. Huenda ndivyo yako ilivyokufa, kama kweli imekufa. Kabla ya kuinunulia mbadala, nenda gereji nyingine waupime mfumo kwa naitrojeni ya shinikizo au kwa rangi ya kuonyesha panapovuja. Waulize pia gesi ya gari lako ni ya aina gani. Magari yaliyotoka kiwandani kuanzia katikati ya miaka ya 1990 mengi yanatumia R134a, na ya karibuni zaidi R1234yf. Hazichanganywi. Kama kompresa haizunguki kabisa, waangalie kwanza fyuzi, rilei (swichi ndogo ya umeme) na ile swichi inayoizuia isiwake gesi ikiwa chini, kwa sababu mfumo uliokosa gesi hujizima wenyewe na kompresa isiyo na ubovu ikaonekana imekufa. Wakikuta tundu, waambie walizibe, wabadilishe na kichujio cha unyevu, wanyonye hewa yote kwa mashine, ndipo wajaze. Atakayekataa kutafuta panapovuja akang'ang'ania kujaza tu, mshukuru, chukua funguo zako uondoke.